Mtaalamu Yuko Kwenye Simu, Chumba Kiko Parokiani



Mtu wa Chunya au wa Kilolo akivunjika mkono anajua pa kwenda, na majirani watamsindikiza. Akikosa usingizi miezi mitatu, akaacha kula, akaanza kujiona mzigo kwa wenzake, hajui aanzie wapi, na majirani nao hawajui. Huyu atasema amerogwa, yule atasema ana mapepo, mwingine atamwambia aongeze sala. Wa kumwambia aende kumwona mtaalamu ni wachache, na hata hao wakiulizwa mtaalamu yuko wapi, wananyamaza.

Tusiwalaumu sana. Jina la Mirembe, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, watu wetu wamelifanya la kutaniana, na mtu mwenye heshima zake hapendi litajwe karibu na jina lake. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inapokea wagonjwa wa akili, lakini madaktari bingwa na wanasaikolojia tiba nchini ni wachache mno ukilinganisha na mahitaji, na wengi wako miji mikubwa. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Tena tiba ya mazungumzo si sindano ya siku moja. Mara nyingi inataka mgonjwa amwone mtaalamu wake kila wiki, wiki baada ya wiki. Hakuna mkulima wa Tukuyu wala mchuma chai wa Mufindi atakayepanda basi kila wiki kwenda kuzungumza saa moja na kurudi.

Kwa hiyo kuzungumza na mtaalamu kwa simu au kwa video si anasa ya vijana wa mjini. Kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini huenda ndiyo njia pekee iliyo wazi. Lakini mtandao umefupisha safari tu. Maswali mawili umeyaacha palepale: huyo unayezungumza naye ni nani, na wewe unazungumza naye ukiwa umekaa wapi? Maoni yangu ni kwamba Kanisa letu la mahalia linaweza kuyajibu yote mawili, tena kwa gharama ndogo. Parokia zitoe chumba, na majimbo yatoe orodha.

Huyo ni nani?

Ukiingia leo kwenye Instagram au WhatsApp utakutana na watu wengi wanaojiita washauri, makocha wa maisha, waponyaji wa mioyo. Wengine wana nia njema. Wengine wana namba ya kutumiwa pesa na picha nzuri, basi. Mgonjwa aliyechoka hana nguvu ya kuwachambua, na ndiyo sababu ni rahisi kumdanganya.

Majina nayo yanachanganya. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kamili, anaweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia tiba amesomea kupima na kutibu kwa njia ya mazungumzo, haandiki dawa. Mshauri nasaha husaidia mtu kupita katika msiba, ugomvi wa ndoa au uamuzi mgumu, na elimu yake inaweza kuwa ya shahada au ya semina ya siku tatu. Wote wana nafasi yao, ila si nafasi moja.

Madaktari hapa kwetu husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017 inayowagusa pia madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Wauguzi wana Baraza la Uuguzi na Ukunga. Jirani zetu wa Kenya walitunga mwaka 2014 sheria maalumu ya washauri nasaha na wanasaikolojia, yenye bodi ya kuwasajili. Ukitaka kuzungumza na mtaalamu aliye nchi nyingine, uliza leseni yake ni ya wapi, na jiulize ukitendewa vibaya utamlalamikia nani.

Maswali ya kumuuliza mtaalamu yeyote kabla ya kumtumia hata shilingi ni machache: Jina lako kamili kama lilivyo kwenye usajili ni lipi? Umesajiliwa na baraza gani, kwa namba gani, na leseni yako inaisha lini? Umesoma wapi, na unafanya kazi kituo gani? Maongezi yetu yanarekodiwa? Ni jambo gani litakufanya uivunje siri yangu? Mtandao ukikatika katikati, tutafanyaje? Baada ya hapo uliza baraza lenyewe kama namba ni ya kweli. Mtaalamu halisi hakasiriki akiulizwa hivi, na yeye atakuuliza uko mahali gani na ni ndugu gani apigiwe hali ikiwa mbaya. Akikasirika, umeshapata jibu. Tena tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na tume ya kuisimamia ipo. Mambo ya afya ya mtu si mali ya kuwekwa ovyo kwenye simu ya mwingine.

Lakini ni haki kumwambia mama aliyefiwa na mwanaye, asiyelala, afanye uchunguzi huu wote peke yake? Ndiyo maana ninaomba orodha. Idara ya afya ya jimbo inaweza kukusanya majina ya wataalamu wanaotoa huduma kwa mtandao kwa Kiswahili, ikathibitisha usajili wao, na ikairudia kila mwaka kwa kuwa leseni zina mwisho wake. Tuna hospitali za Kanisa, na tuna vyuo vikuu vya Kikatoliki, Ruaha pale Iringa na kile cha Mbeya. Watu wa kuifanya kazi hiyo wapo.

Unakaa wapi?

Swali hili la pili halisemwi sana, nami naona ndilo zito zaidi. Nyumba zetu nyingi zina vyumba viwili au vitatu na watu saba. Ukuta haufiki darini. Mwanamke anayepigwa na mumewe atayasema hayo akiwa sebuleni? Kijana anayepambana na mawazo ya kujiua atayasema wadogo zake wakiwa kitanda cha pili? Wengine huenda shambani au huketi ndani ya gari la rafiki. Mvua za Rungwe zikianza, shambani hapakaliki. Na bando likiisha katikati ya machozi, hakuna wa kumlaumu, lakini jeraha limefunuliwa na kuachwa wazi.

Parokia ina ofisi, ina vyumba vya katekesi vinavyokaa vitupu tangu Jumatatu hadi Ijumaa, na parokia nyingi siku hizi zina intaneti ya ofisini. Kinachotakiwa ni chumba kimoja chenye mlango unaofungwa kwa ndani, kiti, meza, mtandao wa kuaminika na vipokea sauti vya masikioni. Pasiwe na daftari la majina mlangoni. Chumba kitumike pia kwa mambo mengine, kama usaili wa kazi, masomo ya chuo huria, au kuongea na ndugu aliye mbali, ili anayeingia asijulikane amefuata nini. Katekista au sista mmoja aliyeelekezwa vizuri atunze ufunguo na asiulize swali.

Zimbabwe wametufundisha kitu hapa. Tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwaandaa bibi wa mtaa wa Mbare, jijini Harare, wakae kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye huzuni nzito. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi lile walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Bibi wale walikuwa na ujuzi waliofundishwa, na pia walikuwa na mahali. Watu walijua pa kwenda kukaa, na kukaa pale hakukuwa aibu.

Nasi tumewahi kujifunza jambo la namna hiyo. Njombe, Iringa na Mbeya zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa iliyoumizwa zaidi na UKIMWI. Neno ushauri nasaha liliingia vijijini kwetu kwa njia hiyo. Mwanzoni mtu aliogopa kuonekana karibu na chumba cha kupima. Leo watu huingia kliniki mchana kweupe, wakachukua dawa na kurudi shambani. Aibu ilipungua kwa sababu chumba kilikuwepo, mtaalamu alikuwepo, na viongozi walisema hadharani kwamba kupima si dhambi.

Padre hatoshi?

Najua wapo watakaosema: tuna kitubio, tuna Ekaristi, tuna mapadre, mambo ya wanasaikolojia ya nini? Falsafa hutufundisha kutofautisha kabla ya kuhukumu. Dhambi huondolewa kwa kitubio. Sonona si dhambi, ni ugonjwa. Padre anayemwondolea mgonjwa dhambi amefanya jambo ambalo hakuna daktari anayeliweza. Lakini hajatibu ugonjwa, kama ambavyo hajatibu malaria ya mtu aliyekuja kuungama na homa.

Maandiko hayaoni ugomvi hapo. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatutaka tumheshimu tabibu kwa kuwa kazi yake inatoka kwa Mungu, na anamtaka mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi. Eliya alipokata tamaa jangwani hata akaomba kufa, malaika hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji, akamwacha alale tena. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, anapoorodhesha dawa za huzuni katika Summa Theologiae, anataja kutafakari ukweli, lakini anataja pia machozi, huruma ya marafiki, usingizi na kuoga. Aliyeandika hivyo asingeshangaa mtu kuketi mbele ya mtaalamu.

Kuna wasiwasi mwingine ulio wa haki: mtaalamu asiyeheshimu imani anaweza kumwambia mgonjwa kwamba imani yake ndiyo ugonjwa. Hiyo ni sababu ya kuchagua vizuri, na ni sababu nyingine ya jimbo kuwa na orodha.

Sisi mafrateri

Nisipoyasema haya nitakuwa nimewaelekezea waamini njia tusiyoipita wenyewe. Katika seminari hofu ina jina: wakijua, nitarudishwa nyumbani. Kwa hofu hiyo ndugu anaweza kubeba mzigo miaka saba, akaupeleka altareni, kisha ukawaangukia waamini wasio na hatia.

Kanisa limeshaandika kinyume cha hofu hiyo. Kanuni ya 220 inalinda jina jema la kila mwamini na faragha yake. Kanuni ya 240 inakataza kabisa maoni ya baba wa kiroho na waungamishi kuulizwa pale inapoamuliwa nani apewe daraja au nani aondolewe. Mwongozo wa Roma wa mwaka 2008 kuhusu saikolojia katika malezi ya mapadre unataka ridhaa huru ya mseminari mwenyewe, aliyeelezwa vizuri na kukubali kabla. Unamruhusu aende kwa mtaalamu aliyependekezwa na walezi, au aliyemchagua mwenyewe na walezi wakamkubali. Walezi wana haki ya kujua kama kijana anafaa, hilo silipingi. Ninachowaomba magombera wetu ni kutangaza mwanzoni mwa kila mwaka, mbele ya wote, kwamba kuomba msaada ni dalili ya ukomavu, na kutueleza wazi ni kipi kitabaki siri na kipi hakitabaki. Hofu hukua pale ambapo hakuna aliyesema.

Yasiyosubiri mtandao

Simu haifai kila hali. Mtu anayesikia sauti zisizokuwepo, aliyepoteza fahamu za mahali na wakati, au aliyeshika sumu ya shambani mkononi, haandikishwi miadi ya video. Apelekwe hospitali iliyo karibu, asiachwe peke yake, na sumu iondolewe nyumbani. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure, na 116 ni ya watoto. Na pale mtaalamu wa ana kwa ana anapopatikana, kama kwa mtu aliye Mbeya mjini, aanze na huyo.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya 700,000 hufa kila mwaka kwa kujiua. Baadhi yao tunawazika sisi, na Katekisimu inatukataza kukata tamaa juu ya wokovu wao. Lakini tunawasindikiza makaburini tukiwa na vyumba vitupu nyuma ya kanisa. Katika kikao kijacho cha Halmashauri ya Walei ya parokia yako, baada ya ajenda ya bati na ajenda ya mavuno, omba nafasi uulize: kile chumba cha katekesi, siku za katikati ya wiki, ufunguo wake anao nani?