Vinasaba pekee havitoshi

Hoja kwamba siku hizi vinasaba vinatosha kumtambulisha mnyoo mpya wa kilindini inavutia, ila siikubali. Mtazameni Osedax, aliyegunduliwa mwaka 2002 kwenye mifupa ya nyangumi huko Monterey Bay, California, karibu mita 2,900 chini ya bahari, na kuelezwa rasmi mwaka 2004. Ni kweli, vinasaba ndivyo vilivyomweka katika familia ya Siboglinidae, pamoja na minyoo wakubwa wa mirija wa kwenye chemchemi za moto za baharini. Lakini ni darubini na upasuaji wa maabara vilivyoonyesha kwamba jike hana mdomo wala utumbo, kwamba amezamisha ndani ya mfupa mizizi ya kijani yenye bakteria wanaomlisha, na kwamba ndani ya mrija wake wamejazana madume wadogo mno, waliobaki na umbo la uchanga.

Wapo watakaosema kazi hiyo ni ya polepole mno wakati kampuni za madini zinainyemelea sakafu ya bahari. Haraka hiyo naielewa, na hata mimi inanitia hofu. Hata hivyo, mfuatano wa vinasaba peke yake hauelezi mnyama anaishi kwa kutegemea nini, na asiyejua hilo atakadiriaje uchimbaji utaangamiza nini? Kielelezo kihifadhiwe makumbusho, kielezwe, kipewe jina; vinasaba viambatane nacho.