Vidonda vya Tumbo: Tusitibu kwa Kubahatisha



Msimu wa kilimo ukianza hapa Kaoze, wakulima wengi huumwa mgongo na viungo kwa sababu ya jembe. Hununua aspirini au diklofenaki dukani, humeza bila kula, kisha huenda shamba. Baadaye tumbo huwaka moto chini ya kifua. Hapo hutafuna vidonge vya magnesiamu, maumivu hutulia, nao husema wamepona.

Hawajapona. Magnesiamu hupunguza ukali wa asidi kwa muda mfupi tu. Kidonda kinabaki palepale.

Zamani ilidhaniwa kuwa vidonda hivi huletwa na pilipili na mawazo mengi. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walifaulu kukuza kijidudu kilichotolewa katika matumbo ya wagonjwa. Ikathibitika kuwa ndicho kisababishi cha vidonda vingi, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Basi ugonjwa huu hutibika.

Kijidudu kikionekana, kwa mfano kwa kupima choo, mganga hutoa omeprazo ya kupunguza asidi pamoja na dawa mbili za kuua vijidudu, kama amoksilini na metronidazo. Zote huenda pamoja, kwa kawaida siku 14. Anayeacha siku ya 5 kwa kuwa maumivu yamekwisha hukipa kijidudu nafasi ya kuizoea dawa. Kama kidonda kimeletwa na dawa za maumivu, hizo nazo hazina budi kuachwa, na omeprazo huendelea kwa wiki kadhaa.

Mzee mmoja aliletwa kwetu kwa baiskeli, amelegea, choo chake cheusi kama lami. Alikuwa ametafuna magnesiamu miaka miwili. Ilibidi apelekwe mbali kuongezewa damu. Alipona, lakini familia iliuza ng'ombe.

Kwa maoni yangu kosa si lake peke yake. Muuza duka hakumuuliza kitu. Nasi waganga humpa mgonjwa dawa ya mgongo bila kumwuliza habari za tumbo lake. Tuanze kuuliza.

Nawe msomaji, ukitapika damu, ukipata choo cheusi, au tumbo likikaza ghafla kwa maumivu makali, usiende dukani. Nenda zahanati siku hiyohiyo. Nauli ya leo ni ndogo kuliko bei ya ng'ombe.