Bluberi Umeila Wapi?

Wandugu wa kalamu, tuulizane bila kufichana: bluberi umeila wapi wewe?

Nauliza kwa sababu juzi nimepewa nisome makala ya mshikaji wetu mmoja, mkali kweli kwa mashairi, kuhusu chupa ya stauti ya kahawa ambayo binamu yake aliileta kutoka Marekani. Bia yenyewe tuliionja pamoja, watu wanne, vibilauri vidogo vidogo, kibarazani Ilala. Nilikuwepo. Nilimwona alivyokunja uso. Sasa kwenye karatasi naambiwa eti ilikuwa na “bluberi, mepo na chokoleti ya giza”. Chokoleti ya giza! Jamaa kageuza chupa, kasoma lebo, kanakili. Huko ni kuzuga tu.

Asiyekunywa pombe asifunge ukurasa, ugomvi huu unamhusu pia.

Stauti ni bia ngumu kuihukumu. Hata isipotiwa punje moja ya kahawa itanukia kahawa, maana ndani yake mna shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi tii. Basi mtengenezaji akiongeza kahawa halisi, kazi ya kwanza ya mwonjaji ni kutenganisha: hii ninayoisikia ni buni, au ni shayiri iliyoungua? Pale Michigan kuna kiwanda cha Founders ambacho stauti yao ya Breakfast inatiwa oti, chokoleti na kahawa ya Sumatra na ya Kona, na kilevi kinafika asilimia 8.3. Katika msongamano huo ulimi uliolala hausikii kitu zaidi ya uchungu. Halafu kuna harufu moja ambayo wazoefu wa bia hizi wanaijua na wanaichukia: pilipili hoho mbichi. Ukiisikia, kahawa imeharibu bia. Lakini lebo gani itakuandikia hoho?

Hao Wamarekani tunaowaiga hawachezi. Wana chama cha waamuzi wa bia, BJCP, tangu 1985, na karatasi yao ina alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na 10 za jumla. Tazama mwonekano ulivyopewa 3, nasi tunamaliza aya nzima tukisifia povu! Na kila alama lazima uiandikie maelezo. Mwonja kahawa huvuta kwa kijiko kwa kelele, akatema. Mwonja bia humeza, kwa sababu kile kinachobaki kooni nacho kinahukumiwa. Sisi tumeiga maneno yao tukaiacha kazi yao.

Wakionja kahawa ya Kenya, wengi wao hutaja blakikaranti. Sawa. Mwingereza amelelewa na juisi ya tunda hilo, kwake ni kweli tupu, anakumbuka jikoni kwa mama yake. Wewe na mimi jikoni kwa mama tulikuta nini? Ukwaju. Ubuyu. Zambarau zinazoacha ulimi mkavu. Sukari guru. Kashata, na kahawa chungu ya birika ya mzee wa kijiweni. Bukoba watu wanatafuna buni zilizochemshwa zikakaushwa. Wanaijua kahawa kwa meno. Halafu tunasimama mbele ya bia iliyoandikwa “Kenya” ubavuni, tunaomba maneno ya mkopo!

Utaniambia Mmarekani hataujua ukwaju. Kwani mimi niliijua mepo? Niliitafuta kwenye kamusi, nikakuta ni mti. Naye atafute.

Wala sijifanyi malaika. Mwaka juzi niliandika kwamba bia fulani ilikuwa na harufu ya pipa la mwaloni. Wallahi, Mwaloni ninaoujua mimi ni ule wa Mwanza, wa samaki. Nilisifiwa sana kwa sentensi ile, na hakuna aliyeniuliza swali.

Sasa, chupa ile ya Ilala. Kiwanda nakihifadhi. Harufu: kahawa ya jana iliyopashwa moto, na ikipata joto kidogo kwenye bilauri, hoho mbichi inapanda, haijifichi. Nimeipa 6. Mwonekano: nyeusi, povu la rangi ya maji ya karanga, 3 kamili, haya chukueni. Ladha: inaanza vizuri, ukali wa ukwaju, kisha ukoko wa wali ulioungua unafunika kila kitu, hata utamu wa kimea hausikiki, 10. Mdomoni nyepesi kuliko rangi yake inavyoahidi, 3. Jumla 5, kwa kuwa bilauri ya pili niliikataa.

Inakuja 27 kati ya 50. Mshairi wetu naye alete hesabu yake. Binamu bado ana chupa moja, na safari hii lebo tutaibandua kwanza.