Gesi haiishi, inavuja

Mwezi huu naomba tuweke kando kidogo mambo ya wivu, simu za siri na mawifi, tuzungumzie kitu ambacho kinavunja amani kimyakimya kwenye nyumba za watu wenye majengo ya kupangisha. Kiyoyozi. Ndiyo, AC! Usicheke, na usifunue ukurasa. Kama wewe au mwenzi wako mna fremu, ofisi au gesti, hii inawahusu moja kwa moja, na ni habari ya mamilioni.

Nina wanandoa ninaowafahamu, wameniruhusu niwasimulie bila kuwataja. Wana jengo la ghorofa moja Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro. Chini kuna duka la dawa na saluni, juu ni ofisi. Lina viyoyozi kumi, vyote vya gesi ya R22, vya tangu jengo lilipofunguliwa. Wana na gesti ya vyumba vinane Kisarawe, ile wanayoiita pensheni yao. Baba anasimamia Kibaha, mama anasimamia Kisarawe, ila hela inaingia akaunti moja. Hapo ndipo kasheshe ilipoanzia.

Wenyeji wa Pwani tunalijua lile joto la Desemba mpaka Machi. Wapangaji wakipiga simu kwamba AC haipoi, baba anamwita fundi. Fundi anakuja na mtungi wake, anajaza gesi, anachukua chake, anaondoka. Baada ya miezi mitatu, simu ileile tena. Siku moja mama akapanga risiti mezani akakuta mashine mbili tu zimejazwa gesi mara nne ndani ya mwaka. Akauliza swali moja: "Baba watoto, hivi hii gesi huwa inakwenda wapi?"

Baba akaona anaitwa mwizi. Mama naye, kwa jinsi baba alivyokuja juu, akaanza kuamini kweli kuna mchezo kati yake na fundi. Wiki mbili watu wanapishana kwenye korido kama wapangaji. Lakini jamani, lile swali la mama lilikuwa ndilo swali sahihi kuliko yote ambayo mwenye jengo anaweza kuuliza.

Gesi inakwenda wapi?

Wengi wetu tunadhani gesi ya AC inatumika ikaisha, kama mafuta ya taa kwenye jiko. Si hivyo. Gesi ile inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa, kati ya mashine ya ndani na ile ya nje. Ikiwa ndani inabeba joto la chumba, ikifika nje inalitua, halafu inarudi tena. Haichomwi, wala hailiwi na kompresa. Ifikirie kama damu mwilini: ikipungua, mahali fulani kuna jeraha.

Kwa hiyo fundi akikwambia "bosi, gesi imeisha", maana yake ni kwamba imevuja. Na akijaza bila kutafuta tundu, amekuuzia kitu ambacho kitapotea tena. Tena hasara si ya gesi peke yake. Mashine yenye gesi pungufu inanguruma muda mrefu bila kupoza, inakula umeme, na kompresa inapata moto mpaka siku inazima moja kwa moja.

Walipoletewa fundi mwingine ilionekana wazi. Alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba, mapovu yakaanza kucheza. Zile mashine mbili zilikuwa zinavuja kwenye maungio ya nje, pale bomba linapofungwa kwa nati. Hakukuwa na mwizi wala mgao wa siri. Kulikuwa na fundi wa haraka haraka, baba asiyeuliza, na mama aliyeuliza wakati ameshachukia.

Kalenda ambayo mwenye jengo hana

Sasa shika kalamu. Hata mkiziba matundu yote, R22 yenyewe inaondoka sokoni. Gesi hiyo ikitoroka hewani inaharibu tabaka la ozoni, lile linalotukinga na mionzi mikali ya jua, na juu ya hapo inapasha dunia joto. Kilo moja ya R22 ina nguvu ya kupasha joto sawa na kilo 1,810 za hewa ya ukaa, kwa hesabu ya miaka 100.

Ndiyo maana dunia iliweka Itifaki ya Montreal mwaka 1987, na Tanzania ikajiunga mwaka 1993. Mwaka 2007 tukatunga kanuni zetu chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ili kudhibiti kemikali zinazoharibu ozoni. Kwa nchi zinazoendelea, ratiba ya kundi la R22 ni hii: mwaka 2013 matumizi yaligandishwa kwenye wastani wa miaka ya 2009 na 2010. Mwaka 2015 yakapunguzwa kwa asilimia 10, mwaka 2020 kwa asilimia 35, na mwaka 2025 kwa asilimia 67.5. Ikifika 2030 punguzo ni asilimia 97.5. Kitakachobaki ni kiasi kiduchu cha kuhudumia mashine za zamani, na mwisho wake ni 2040.

Unaona picha? Mashine nyingi za R22 zilizoko ukutani leo zitakuwa bado zinanguruma wakati gesi yake ni ya kutafuta kwa tochi. Na kitu kikiadimika, bei inapanda na wajanja wanaingia. Feki ya gesi si kama feki ya mkoba. Mwaka 2011 gesi feki yenye kemikali iitwayo kloridi ya methili iliingia kwenye makontena ya kubebea vyakula vya baridi, mashine zikalipuka na watu watatu wakapoteza maisha. Mtungi wa bei ya kutupa uuogope kama unavyoogopa mchumba asiyetaka ujue kwao.

"Basi tuhamie gesi nyingine"

Hapa ndipo pa kuwa macho. Kuna fundi atakwambia: "Mama, usihangaike, nakuwekea gesi ya kisasa kwenye mashine hiihii." Mwulize gesi gani. Akisema R410A, mkatalie. Gesi hiyo inafanya kazi kwa msukumo wa juu kuliko R22 kwa takriban asilimia 60, na mashine ya zamani haikujengwa kwa nguvu hiyo. Akisema R290, simama kabisa. R290 ni propani, ndugu wa damu wa gesi ya kupikia. Kwa mazingira ni safi sana, na zipo mashine zilizotengenezwa kwa ajili yake tangu kiwandani, zenye kiasi kidogo cha gesi na nyaya zisizotoa cheche. Lakini kuimimina kwenye mashine ya R22 juu ya chumba anacholala mgeni ni kualika moto. Mashine ilaze gesi iliyoandikwa kwenye kibandiko chake, basi.

Tena usidhani baba peke yake ndiye wa kusemwa. Mama wa Kisarawe naye alikuwa amepata "dili": viyoyozi vinane kwa bei ya kuchekesha, baadhi vipya vya R410A, baadhi mtumba. R410A haidhuru ozoni, hilo ni kweli. Ila nguvu yake ya kupasha joto ni 2,088, kubwa hata kuliko R22! Ndiyo maana Oktoba 2016 nchi zilikutana hapo jirani Kigali, Rwanda, zikakubaliana kupunguza na kundi hili la gesi. Ratiba ya nchi za kundi letu ilianza kwa kugandisha matumizi mwaka 2024. Punguzo la kwanza ni asilimia 10 mwaka 2029, kisha 30 mwaka 2035, 50 mwaka 2040, hadi kufikia asilimia 80 mwaka 2045.

Wenzetu walishaanza kufunga milango. Kuanzia Januari 1, 2025, Ulaya ilizuia kuuza AC ndogo mpya za ukutani zenye gesi ya nguvu ya 750 na kuendelea. Marekani nayo ilizuia kutengeneza na kuingiza mashine mpya za majumbani na biashara ndogo zenye gesi ya zaidi ya 700. Sasa jiulize mwenyewe, mzigo usiotakiwa huko unatafuta soko wapi? Bei ya kuchekesha ina sababu yake, na mwisho wa siku anayecheka si wewe.

R32 ndiyo gesi ya mashine nyingi mpya za ukutani siku hizi. Nguvu yake ni 675, haidhuru ozoni, na inawaka kidogo, kwa hiyo nayo inataka fundi aliyesomea. Si ya milele, lakini mwenye kununua leo atakuwa ametembea mbele ya kalenda, siyo nyuma yake.

Mfanye nini?

Mosi, Jumamosi moja pandeni wote wawili kwenye jengo lenu na daftari. Kila mashine ya nje ina kibandiko kinachotaja jina la gesi na uzito wake. Andikeni: ipo chumba gani, gesi gani, mwaka gani, imejazwa mara ngapi. Daftari hilo lina thamani kuliko risiti 50 zilizokunjwa kwenye droo.

Pili, badilisheni swali mnalomwuliza fundi. Acheni "shilingi ngapi kujaza?" Ulizeni "inavuja wapi?" Fundi wa kweli anapima uvujaji kwa naitrojeni, anaziba, ananyonya hewa yote kwa pampu, halafu anapima gesi kwa mizani kulingana na kibandiko. Akifungua mashine, gesi ya zamani anaivuta kwenye mtungi, haiachii hewani. Mwulize amesomea wapi. VETA wanafundisha fani hii, na mwenye cheti haoni haya kukionyesha.

Tatu, msing'oe kila kitu kwa pupa. Mashine ya R22 isiyovuja iacheni ifanye kazi, itunzeni. Zile sugu ndizo mziondoe kwanza, mbili au tatu kila mwaka, ili 2030 iwakute mmekaa vizuri. Na hesabu ya umeme iwasaidie kuamua. Mashine ya zamani ya 12,000 inaweza kula uniti 1.25 kwa saa kompresa ikifanya kazi muda wote. Mpya nzuri inayojipunguza yenyewe inaweza kuwa na wastani wa 0.7. Kwa saa 8 na siku 26 za mwezi, hiyo ni uniti 260 dhidi ya 146. Zidisha tofauti kwa bei unayolipa LUKU, halafu zidisha kwa idadi ya mashine. Utakaa chini.

Nne, andikeni kwenye mkataba wa upangaji nani anafanya nini. Inavyoingia akilini ni hivi: mwenye jengo anaziba na kubadilisha, mpangaji anasafisha vichujio na hafungui milango huku AC inawaka. Kesi nyingi za "baba mwenye nyumba hajali" zinaanza kwa sababu hakuna aliyeandika.

Tano, kabla ya kununua AC, nunua kivuli. Kisarawe iko juu ya vilima, msitu wa Pugu na Kazimzumbwi uko jirani, na usiku kuna upepo wake. Gesti pale ikiwa na madirisha yanayotazamana, baraza la kukinga jua, dari yenye nafasi ya hewa na feni nzuri, vyumba kadhaa vinaweza kuuzwa bila kiyoyozi na mgeni akalala fofofo. Mama yule alifuta lile dili la nane. Ananunua tatu za R32 kwa vyumba vinavyopigwa na jua la jioni, vilivyobaki anaweka feni na kupanua baraza. Kibaha kwenye fremu za kioo zinazotazama lami, hesabu ni nyingine, pale AC haina mbadala. Kila jengo na dawa yake.

La mwisho ni letu sisi wa safu hii. Ukiona jambo lilelile linarudi nyumbani kila baada ya miezi mitatu, na kila likirudi mnalifunika kwa hela, zawadi au samahani ya haraka, kaeni mtafute linapovujia. Mwenzako akiuliza hela inakwenda wapi, mjibu kwa daftari, usimjibu kwa sauti. Na wewe unayeuliza, uliza mapema, kabla hujajaza hasira.

Kama mna jengo, mwezi huu kaangalieni vibandiko. Tukutane toleo lijalo, na mkae salama na joto hili.