Fromaji ya Masisi, makemba ya Walikale, na haya yetu

Tuseme wazi tangu mwanzo: sisi wasomi wa Masisi na Walikale tunaonea haya chakula chetu, na haya hiyo tunaipa jina zuri la "kulinda desturi".

Ilikuwa hivi. Jioni moja tuliwaonyesha wanafunzi filmi La Vie est belle ya mwaka 1987, ambayo mwana wa Bukavu, Ngangura Mweze, aliitengeneza pamoja na Benoît Lamy. Wengi wetu tuliiona kwa kaseti tungali watoto, tumebanana chini mbele ya televizyo moja. Papa Wemba ndiye Kourou, mwanamuziki masikini anayeacha kijiji kwenda Kinshasa, anakuwa boyi wa nyumbani, na mwishoni anaimba mbele ya watu. Kesho yake asubuhi tulitaka watoto wanywe chai na kitu cha kuwakumbusha filmi hiyo. Tulipasua mkate, tukatia makemba yaliyokaangwa kwa mawese, omeleti, kipande kinene cha fromaji ya Masisi na pilipili kidogo. Tukauita "Kourou": mtoto wa kijiji, yaani ndizi, amevaa koti ya mjini, yaani mkate. Papa Wemba, mkubwa wa sape, angeelewa.

Watoto walimaliza yote. Wakubwa ndio walikasirika. Mzee mmoja wetu akasema: "Ninyi balimu, hii haiko kitu ya bankambo. Mukate ni ya bazungu, fromaji ni ya bapadri." Mwingine akaongeza kwa sauti ya chini: "Na fromaji iko ya benye ngombe."

Tunawajibu wote wawili kwa heshima.

Ndiyo, Mzee, ujuzi wa fromaji ulifika na mapadri Wabelgiji. Lakini maziwa ni ya milima yetu, na mikono ni yetu: kupasha maziwa juu ya kuni, kutia dawa ya kugandisha, kukata, kugandamiza, kuloweka katika maji ya chumvi, kisha kugeuza-geuza juu ya mbao siku nyingi. Gitaa nayo ilitoka mbali. Nani anasema muziki wa Papa Wemba si wa Kongo? Muhogo ulitoka Amerika. Nani anakataa sombe? Hata ndizi ilitoka Asia, zamani sana. Lakini masimulizi ya Mwindo ya Wanyanga wa Walikale, yaliyochapwa mwaka 1969 na Biebuyck na Kahombo Mateene, yanatuambia kwamba huko chini kwa Muisa, Mwindo alipewa jaribu la kupanda na kuvuna migomba kwa siku moja. Bankambo walipokea mgeni, wakamfanya mtoto wa nyumba. Hiyo ndiyo desturi.

Neno la pili ni zito zaidi, na hatulikimbii. Katika Masisi malisho makubwa yalikula mashamba ya wakulima, wakati wa ukoloni na tena wakati wa Mobutu. Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, Walikale, yakasambaa Masisi. Kwa mtu aliyepoteza shamba, fromaji inaweza kuwa chungu. Hatusemi kwamba mkate unalipa shamba. Shamba linalipwa kwa haki. Lakini mchungaji anayekamua alfajiri si yeye mwenye kilima. Ngombe zake ziliporwa vita baada ya vita, na mwaka 2025 vita viliingia tena Masisi-Centre na Sake mwezi wa Januari, vikafika Walikale-Centre mwezi wa Machi. Mkulima na mchungaji walikimbia njia moja.

Na sisi tunafanya nini? Kwenye sherehe zetu, hata siku ya utamaduni, tunaweka mezani biskwiti za paketi na margarini ya kopo. Makemba tunayaacha jikoni, eti chakula cha kijiji. Fromaji tunamwekea mgeni kutoka Goma. Pesa yetu inakwenda mbali. Mkulima wa Walikale hapati kitu, mchungaji wa Masisi hapati kitu. Halafu tunasimama na kutoa hotuba juu ya bankambo!

Tunaomba basi jambo dogo. Sherehe inayokuja, njia ikiwa wazi, makemba ya Walikale na fromaji ya Masisi vikae kwenye sahani moja, mbele ya wote, na vinunuliwe kwa bei ya haki kwa wale waliovitoa. Asiyetaka mkate, ale bila mkate. Lakini asituambie tena kwamba margarini ya kopo ndiyo desturi.