Programu Haijui Ngumi Inapotua

Gojo Satoru wa Jujutsu Kaisen, katuni ya Kijapani (anime), anafumbua jicho polepole, nywele nyeupe zinapepea, mdundo wa wimbo unashuka, na papo hapo picha inarukia pigano. Vipande vya aina hii vimejaa TikTok na YouTube. Mashabiki huvitengeneza kwa simu au kompyuta za kawaida, na vingine vinapendeza kweli. Ila fremu nyingi zinazopita humo hazikuchorwa na mtu. Zimetungwa na programu, na maandalizi yanayotangulia utunzi huo ndiyo yanayomtofautisha mhariri na mbonyeza vitufe.

Anime huonyeshwa kwa fremu 24 kila sekunde, lakini ni nadra studio kuchora michoro 24. Mara nyingi huwa 12, au 8 tu, na kila mmoja hurudiwa mara mbili au tatu mpaka sekunde ijae. Ubanaji huo ulizoeleka tangu Tezuka Osamu alipoanza kurusha anime yake Tetsuwan Atomu kwenye runinga ya Fuji tarehe 1 Januari 1963: kipindi kipya kila wiki, fedha kiduchu, muda hautoshi. Baadaye umaskini ule ukawa mtindo wenye utamu wake. Mchoro ukiganda kidogo, pigo linalofuata huonekana zito zaidi.

Sasa chukua sekunde moja yenye michoro 8, uivute iwe sekunde nne. Kila mchoro utasimama nusu sekunde, na mhusika atakwenda kwa kushtukashtuka. Hapo ndipo programu kama Twixtor au RIFE huitwa. Hulinganisha picha mbili, hukisia kila sehemu imetoka wapi na inaelekea wapi, kisha hutunga fremu za katikati. Lakini ikipewa nakala mbili za mchoro uleule haioni mwendo wowote, hivyo picha husimama, huteleza, husimama tena. Mhariri anayeijua kazi huanza kwa kufuta nakala, abaki na michoro minane halisi, ndipo airuhusu programu izibe mapengo. Hesabu yake inashangaza: katika kila fremu 12 za kipande hicho, moja ni ya mchoraji na 11 ni za mashine.

Kufuta nakala nako kuna mitego. Mwenye upanga anapotulia nusu sekunde kabla ya kuuchomoa, utulivu ule umejengwa kwa nakala hizohizo. Zikifutwa zote, kusubiri na kukata vinakwenda kwa kasi moja na pigo linapoa. Itabidi mhariri aurudishe muda kwa mkono, mchoro kwa mchoro. Kisha kuna mandhari. Iwapo mawingu na majengo yanateleza kila fremu huku mhusika akibadilika kila fremu ya tatu, hakuna fremu mbili zinazofanana, programu haipati cha kufuta, na kinachotoka ni mandhari laini yenye mtu anayekwamakwama mbele yake. Dawa ni kumkata mhusika na kumtenga na mandhari, kila upande ulainishwe peke yake. Hiyo ni kazi ya saa nyingi ambayo mtazamaji hataigundua, na pengine ndiyo sababu wengi huiruka.

Vipo vipande visivyofaa kuguswa kabisa. Kipindi cha 167 cha Naruto Shippuden, cha mwaka 2010, ambamo Naruto anapigana na Pain, kina nyuso na viungo vilivyovutwa na kupindwa hadi vikaumbuka. Picha zake zilizogandishwa zilizunguka mtandaoni zikichekwa kama kazi mbovu. Zikipita kwa kasi iliyokusudiwa, zina nguvu ambayo michoro nadhifu haina. Mchoro wa aina hiyo umetengenezwa jicho liuhisi, si liukague, na anayeupunguzia kasi mara nne anamwanika mchoraji bure. Vivyo hivyo fremu ile ya nyeusi na nyeupe inayomulika ngumi inapotua: programu itaichanganya na jirani zake, itoke uji wa kijivu.

Wajapani wenyewe waliupunguza mwendo kabla ya programu hizi. Dezaki Osamu, mwongozaji wa Ashita no Joe ya mwaka 1970, alizoea kuukatisha mwendo katika kilele cha tukio na kuugeuza mchoro mmoja tuli, wenye rangi nzito na mistari mikavu. Mchoro mmoja ulimtosha kuuchelewesha wakati, kwa sababu yeye ndiye aliyechagua usimame wapi.

Uchaguzi huo ndio unaohalalisha kazi ya shabiki. Anayeuvuta mtazamo wa sekunde moja ili ukutane na mdundo wa wimbo anasema jambo lake kuhusu tukio lile. Anayekilainisha kipindi kizima hadi fremu 60 kwa sekunde na kukitangaza kuwa kimeboreshwa hajachagua chochote: kila kituo cha mchoraji kimefutwa kwa amri moja, cha mapigano na cha vichekesho sawasawa. Hao wawili hutumia programu ileile, na si haki kuwahukumu kwa kosa moja.

Tatizo linalokua sasa ni mafungu ya vipande vilivyokwisha kulainishwa, ambavyo mtu hupakua, akabandika wimbo na kuzungushia mwanga. Ndiyo maana Gojo yuleyule, kwa kasi ileile, hupita katika video mia za watu mia. Aliyepakua hajui ni nakala zipi zilifutwa wala utulivu upi ulipotea, na wimbo wake unalazimika kufuata kasi aliyoipanga mtu mwingine kwa wimbo mwingine. Video ya asili ipo, programu za bure zipo, na kipande cha sekunde mbili kinahesabika fremu zake zote 48 kabla chai haijapoa.