Pikipiki ya cc 600 haisomi mkataba

FEDHA ya usajili ikiingia, mastaa wengi vijana huanza na nyumba ya mama, kisha gari. Wapo wanaoruka yote hayo na kununua pikipiki kubwa ya mbio, ile ikiwashwa mtaa mzima unatoka nje. Klabu nazo zina dawa moja: kipengele cha mkataba kinachomkataza mchezaji mambo ya hatari. Kikishasainiwa, zinaona kazi imeisha.

Haijaisha. Marekani wamelijua hilo kwa machungu.

Jay Williams alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA mwaka 2002, nyuma ya Yao Ming tu. Juni 2003, akiwa na miaka 21 na msimu mmoja Chicago Bulls, aliivaa nguzo akiwa juu ya Yamaha R6. Hana helmeti, hana leseni ya pikipiki, na mkataba unakataza. Nyonga ilivunjika, ligamenti za goti zikachanika, neva ya mguu ikakatika. Mechi ya ligi ya NBA hakucheza tena.

Kellen Winslow wa Cleveland Browns, timu ya futiboli ya Kimarekani, hakuwa hata barabarani. Mei 2005 alikuwa kwenye maegesho ya magari anaizoea pikipiki yake mpya, akagonga ukingo na kurushwa. Msimu mzima ukaota mbawa. Kocha wa Pittsburgh Steelers, Bill Cowher, akamuonya kijana wake Ben Roethlisberger. Juni 2006, miezi michache tu baada ya kubeba Super Bowl, gari likakata kona mbele ya Roethlisberger. Naye kichwa wazi. Huyu angalau alirudi uwanjani.

Yaani vipengele na maonyo vilikuwepo. Kilichokosekana ni mafunzo.

Hapa ndipo wengi wanajidanganya: “Mimi bodaboda naendesha tangu mdogo.” Bodaboda ya cc 150 ina nguvu za farasi kama 12. R6 inazidi 100, na gia ya kwanza peke yake inavuka kilomita 100 kwa saa. Mkono uliozoea kuvuta mafuta mpaka mwisho ndipo chombo kiende, huku ukivuta hivyohivyo tairi la mbele linanyanyuka. Breki ya mbele ukiibana ghafla kwenye mchanga, umelala. Matairi mapya nayo yanateleza, kilomita 150 za kwanza ni za kwenda taratibu, bila kulaza pikipiki kwenye kona.

Anayeitaka kweli aanze na cc 300, achukue leseni kwanza, alipe mwalimu, na asipakie mtu miezi ya mwanzo. Helmeti inayofunika uso wote, glovu, jaketi la ngozi na buti vinunuliwe siku moja na pikipiki. Klabu inayolipa mtu wa kupima uzito wa wachezaji haishindwi kumlipa mwalimu siku mbili tatu, na ni bora ijue nani anaendesha nini kuliko afiche chombo kwa rafiki.

Bulls walimuacha Williams Februari 2004, wakampa kama dola milioni 3 ambazo kimkataba hawakulazimika kulipa. Beki wa Ligi Kuu mwenye mkataba wa miaka miwili asizipigie hesabu hela za namna hiyo.